Farasi Watano wa Mzee Elkana

Mimi si mtu wa kusahau. Wako ambao ukiwapa kikombe cha chai na salamu nzuri ya Jumapili, husema yaliyopita yamepita. Yangu hayapiti. Kwa hiyo nikieleza habari ya mashine ya kukata majani iliyonunuliwa na chama cha wakata majani wa Kisauni, mwaka wa pili baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa, sielezi ili mcheke. Waliotaka kucheka walikwisha cheka.

Kwanza mumjue Mzee Elkana Randu. Siku za kazi alikuwa serangi bandarini, yaani yeye ndiye aliyechagua vibarua wa kampuni moja ya kupakua meli. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa letu Kisauni, koti limepigwa pasi, kofia ya pama mkononi, na wimbo hauanzi mpaka yeye akohoe. Mtu wa namna hiyo mnamjua. Kila mtaa unaye.

Kule bandarini kazi yake ilianza alfajiri. Vibarua walijazana getini, na mbele yao liliwekwa gunia la sukari, moja tu. Anayetaka kazi aliliinua kutoka chini mpaka begani. Aliyeinua akapewa kipande cha kuingilia, asiyeinua akarudi kwao. Hakuna aliyeulizwa amekula lini. Hakuna aliyeulizwa kama baada ya gunia hilo ataweza la pili, la kumi, na lile la magharibi wakati jua limekwisha mfyonza. Elkana alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama shingo za watu na magoti yao, kisha anasema, "Huyu." Na watu walimsifu. Walisema jicho la Elkana halikosei, kwamba akimtazama mtu anazijua nguvu zake kama aliyempima kwenye mizani. Yeye mwenyewe alizipokea sifa hizo kama anavyopokea sadaka mezani, bila kuzihesabu mbele ya watu.

Kaka yangu Kahaso, tumbo moja na mimi, aliliinua gunia lile asubuhi moja wakati wa vita. Hakuliinua tu. Alilipandisha begani akazunguka nalo, akacheza hatua mbili za ngoma ya kwetu, vibarua wakapiga vigelegele vya kiume na Elkana akacheka mpaka akafuta macho. Akampeleka kwenye meli ya saruji. Alasiri, juu ya ngazi ya meli, mgongo wa Kahaso ulikatika kama kamba iliyooza. Waliomshusha walinieleza kwamba hakulia. Alikuwa akisema tu, "Ngojeni kidogo, ngojeni kidogo," kana kwamba anawachelewesha. Elkana alifika, akamtazama pale chini, akasema asubuhi aliinua na mchana anajifanya mgonjwa, huyu ni mvivu. Neno hilo lilirudi nyumbani kabla ya Kahaso mwenyewe. Mke wake alilisikia kisimani.

Tangu siku hiyo Kahaso hakuweza kuinama. Kutembea anatembea, taratibu, mwili umesimama wima kama anayebeba mtungi. Lakini jembe hawezi, fyekeo hawezi, na kiatu chake hufungwa na mtoto. Alikaa barazani miaka yote ile. Watu wakipita wakamwamkia, naye akaitikia kwa heshima, huku macho yake yako kwenye mikono yake.

Sasa chama. Kisauni na Utange walikuwepo watu waliokata majani kwa fyekeo katika yadi za Wazungu wa Mkomani. Wengi walikuwa wanawake, na kiongozi wao alikuwa Kache, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuwaita watu wa ng'ambo. Walifanya kazi kwa mweria, desturi yetu ya zamani: leo sote kwako, kesho sote kwangu, na mgonjwa safu yake hukatwa na wenzake. Kazi yao kubwa ilikuwa yadi ya hoteli moja iliyojengwa juu ya jabali, iliyofunguliwa baada ya maofisa wa jeshi kuondoka. Yadi hiyo haikuwa yadi, ilikuwa shamba. Ilianzia veranda ikateremka mpaka ukingoni mwa bahari, na mvua za Mei zikinyesha, majani yalikua huku ukiyatazama.

Mnyapara wa bustani pale alikuwa mtu wa bara, jina lake Phineas, mtu mkavu lakini si mbaya. Akamwita Kache na kumwambia kwamba meneja amechoka kuona mafyekeo mbele ya wageni kila siku. Anataka yadi yote ikatwe kwa asubuhi moja, mara moja kwa wiki, kwa mashine. Kuna kontrakta wa kisiwani anayo mashine na ameshakuja kuitazama yadi. Kama chama kina mashine, kazi ni yao. Kama hakina, kazi imekwenda. Jaribio ni Jumamosi ijayo, siku ya karamu ya chai, wageni wakifika alasiri wakute majani yamelala.

Walikutana, wakachanga. Walichouza ili kuchanga sitakitaja, wenyewe wanajua. Na katika kikao hicho Kache alisema jambo ambalo mimi nililipenda. Alisema fyekeo linataka kuinama, lakini mashine inataka mtu wa kutembea nyuma yake na kuishika mikono yake miwili, basi. Alisema wamwite Kahaso. Nilimpelekea habari kaka yangu nami nikaona uso wake ukifanya kitu ambacho ulikuwa haujakifanya tangu wakati wa vita. Siku ileile alitaka kamba ya kiatu, akajaribu kuifunga mwenyewe. Akashindwa, lakini alijaribu.

Basi mashine wainunue wapi, na nani aichague? Jeshi lilipovunja kambi zake liliuza vyuma vyake, na Changamwe kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Faki aliyevinunua kwa fungu na kuviuza kimoja kimoja katika banda la mabati karibu na reli. Wa kuichagua hakuna aliyeuliza mara mbili. Ni Mzee Elkana, mwenye jicho. Kache mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwomba, akapiga goti la heshima. Elkana akakubali kwa sauti ya mtu aliyebatizwa mara mbili.

Mimi Changamwe sikwenda. Aliyonieleza Kache ndiyo ninayoyaandika, na Kache hana tabia ya kuongeza chumvi.

Faki aliwatolea mashine mbili. Zote zilikuwa na magurudumu mawili, mikono kama ya mkokoteni, visu mbele kama meno ya papa, na injini katikati. Ya kwanza ilikuwa kitu kizee, kizito, gurudumu la chuma ubavuni kubwa kama sinia la pilau. Kibati chake cha shaba kilisema nguvu za farasi watatu. Faki alipoiwasha ilianza kwa shida, kisha ikatulia katika mlio wa polepole, du, du, du, kama mtu anayetwanga huku anawaza mengine. Elkana akatabasamu, akasema huyu mzee anakohoa, mpeni maziwa. Wanawake waliokuwepo wakacheka.

Ya pili ilikuwa nyepesi, imepakwa rangi ya kijani ya jeshi mpaka kwenye kibati chake. Lakini mtu alikuwa ameikwangua rangi hiyo upande wa juu wa kibati, ikaonekana tarakimu kubwa ya tano. Farasi watano. Faki akaivuta kamba mara moja tu, ikapiga ukelele. Akaipeleka nyuma ya banda, kwenye majani yaliyofika magotini, ikayala. Kache alisema ilikuwa kama kutazama moto. Kufumba na kufumbua kipande kile cha ardhi kilikuwa kimenyolewa, na Faki ameizima na kupangusa mikono.

"Huyu," akasema Elkana.

Faki, niseme kweli yake pia, aliuliza. Aliuliza yadi yao ni kubwa kiasi gani, na mashine itafanya kazi kwa muda gani bila kupumzika. Alisema, "Mzee wangu, wallahi nyote ni wateja wangu, sina haja ya kuwauzia ugomvi. Hii nyepesi ni ya kazi ya haraka haraka. Hii nzito ni ya kutwa." Na Elkana akamgeukia kwa ile sura yake ya getini, akamwambia kwamba yeye amechagua wenye nguvu tangu Faki hajaota ndevu, hafundishwi nguvu na muuza vyuma. Farasi watano na farasi watatu, wapi wengi? Mtoto wa shule anajua. Faki akainua mabega, akasema haya, chaguo lako.

Kache alikuwa na wasiwasi. Akamwomba Elkana waiwashe ile nyepesi tena, waiache iungurume huku wao wanakula mihogo yao, waone. Elkana akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwa hasira ya watu wakubwa, ile isiyopanda sauti, "Mama, usinitie aibu mbele ya mtu huyu. Kitu kikiinua, kimeinua." Kache akasema abee, baba. Wakalipa. Wakaipakia mashine juu ya lori la nazi, wakaja nayo Kisauni wakiimba, na Elkana amekaa mbele na dereva.

Jumamosi mimi nilikuwepo. Bandarini nilikuwa nimeshafukuzwa kwa sababu ya mgomo, mkono wangu haukupewa kipande tena na serangi yeyote, kwa hiyo nilikwenda na chama kusomba majani yaliyokatwa. Jua lilikuwa ndilo kwanza linatoka baharini. Wanawake walivaa leso zao nzuri. Elkana alikuja na koti lake, na Phineas kwa heshima akamtolea kiti cha jikoni akakiweka chini ya kivuli cha ukuta. Elkana akakaa, pama juu ya goti, tayari kutazama jicho lake likithibitishwa.

Kahaso aliishika mikono ya mashine. Alikuwa amevaa shati lililokaa sandukuni tangu arusi ya dada yetu, mistari ya kukunjwa bado inaonekana mgongoni. Kache akavuta kamba, mashine ikapiga ukelele wake, wanawake wakajibu kwa vigelegele, na kaka yangu akaanza kutembea.

Siwezi kuwaeleza vile alivyotembea. Mwili ule ule uliosimama wima, ambao watoto wa mtaa waliuiga wakicheka, sasa ulikuwa ndio mwili unaotakiwa. Alikwenda kutoka veranda kuteremka, akageuka, akapanda, na majani yalilala nyuma yake kwa mstari ulionyooka. Wageni wawili watatu waliolala hotelini walitoka na vikombe vyao kutazama. Elkana alimwambia Phineas, kwa sauti ya kusikika, kwamba mashine hii aliichagua yeye.

Mistari ya juu ilikwenda vizuri, huko majani ni mafupi. Kuelekea ukingoni yalikuwa mazito, yamefungamana, na chini yake unyevu. Hapo sauti ya mashine ilibadilika. Ule ukelele ukawa na kitu ndani yake, kama mtu anayeimba huku anabebeshwa. Kahaso alisimama, akapunguza petroli, akaiacha ipumue. Alikuwa anajua anachokisikia. Mtu aliyewahi kukatika huisikia sauti hiyo hata kwenye chuma.

Elkana akainuka kwenye kiti. Akapaza sauti kutoka kule kivulini kwamba asiisimamishe, asiizoeshe uvivu, ina farasi watano, aipe kazi. Kahaso akamtazama. Yule alikuwa mzee wa kanisa, tena ndiye mchaguzi. Akaongeza petroli, akaenda.

Akasimama tena. Elkana akapaza sauti tena, na safari hii alilitumia lile neno. Alisema mvivu ni mvivu tu, hata ukimpa mashine. Wanawake walisikia. Mimi nilikuwa na mzigo wa majani kifuani, nikaumwaga chini. Kache akanishika kiwiko. Na kaka yangu, bila kugeuza uso, akafungua petroli mpaka mwisho na kuingia katikati ya majani yale mazito.

Haikuchukua muda. Harufu ilikuja kwanza, ya rangi inayoungua. Kisha moshi, mweupe, kisha wa buluu. Kisha injini ikatoa sauti moja kavu, kama mlango wa chuma unaofungwa, na visu vikasimama vimejaa majani. Kukawa kimya mpaka tukayasikia mawimbi chini ya jabali. Theluthi mbili za majani ya yadi zilikuwa bado zimesimama.

Kache alivuta kamba. Kamba haikuja. Nilivuta mimi, nikawa kama ninayeuvuta mnazi. Ndani, chuma kilikuwa kimekamatana na chuma.

Elkana alishuka yadini kwa haraka kuliko umri wake. Hakuitazama mashine, alimtazama Kahaso. Akamwambia, "Umeiua. Mikono yako mizito, umeiua." Akasema ilikuwa nzima asubuhi, sote tumeiona, ilikuwa inakata kama wembe, na mtu aliyekuwa nayo ni mmoja tu.

Nilipiga magoti karibu na injini ile kwa sababu nilikuwa natafuta cha kufanya mikono yangu isije ikafanya kingine. Joto lilikuwa limeibabua rangi ya jeshi, inabanduka kwa magamba kama ngozi ya samaki. Kwenye kibati, chini ya ile tano iliyokwanguliwa, kulikuwa na maandishi yaliyokuwa yamefichwa na rangi. Nikayasugua kwa konzi la majani. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwenye makasha ya bandarini, na maneno ya kibati kile hayakuwa magumu. Nikayasoma kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, na nikiri kwamba nilitaka yamchome.

Juu kiliandikwa farasi watano, kwa muda mfupi, injini ikizunguka mara elfu nne kwa dakika. Chini yake kiliandikwa kazi ya mfululizo, farasi wawili na nusu, kwa nusu ya mizunguko hiyo. Basi. Watano walikuwa wa kuonyesha. Wa kufanya kazi kutwa walikuwa wawili na nusu, na ile nzito iliyoachwa Changamwe, iliyochekwa kwamba inakohoa, ilikuwa na watatu wake asubuhi mpaka jioni.

Nilimtazama Elkana nikingoja aanguke. Hakuanguka. Alisimama na pama yake mkononi, mdomo umefunguka kidogo, na macho yake yakatoka kwangu, yakaenda kwenye kibati, yakarudi. Halafu Kahaso akasema. Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, baada ya miaka mingi ya kujiuliza peke yake barazani.

"Mzee, siku ile ya gunia, mimi uliniona wa farasi wangapi?"

Elkana akakitazama tena kibati.

"Wa juu uliwaona. Nilicheza nao mbele yako. Wa chini, ulinisoma?"

"Sikuuliza," akasema Elkana. Sauti ilimtoka ndogo hata Kache akasogea apate kuisikia. "Sikuwahi kumuuliza mtu."

Nilikuwa nimengoja miaka kuiona aibu kwenye uso wa mtu yule. Nilikuwa nimeiwaza usiku na mchana, itakavyokuwa, nitakavyosimama. Sasa ilikuwa pale, na haikunipa kitu. Ilikuwa imekaa juu yetu sote: juu ya wanawake waliocheka Changamwe, juu ya Kache aliyesema abee, juu ya kaka yangu ambaye ndiye aliyestahili kuwa nayo kidogo kuliko wote, na ndiye aliyeangalia chini. Watu wa veranda walikuwa bado wanatazama, vikombe mkononi.

Meneja akaja. Alivaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, akaitazama mashine, akayatazama majani, akasema na Phineas kwa Kiingereza. Phineas akatugeukia. Alisema bwana anauliza jambo moja, na jibu lake ni muhimu, kwa hiyo tulifikirie. Je, mashine haifai, au mtu aliyeishika ndiye hajui? Kama mashine haifai, basi chama hakijui kuchagua mashine, na yeye atamwita kontrakta leo hii. Kama ni mtu tu aliyeiharibu, hiyo ni bahati mbaya ya kawaida. Huyo mtu asikanyage tena yadi yake, nao wapewe wiki mbili walete mashine nzima na mtu mwingine. Leo wamalize kwa mafyekeo kabla ya chai.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo yote ulimini, getini na saruji na kibati, na Kiingereza cha kuyasemea nilikuwa nacho cha kutosha. Kahaso akainua mkono.

"Nyamaza wewe. Nani mkubwa, mimi au wewe?"

Kisha akamwambia Phineas, "Mwambie ni mimi."

Phineas alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Elkana kwa muda mrefu. Alikuwa amesikia kibati kikisomwa. Elkana alikuwa ameshika ukingo wa pama yake kwa mikono miwili akiuzungusha, polepole, kama anayetafuta mahali pa kuanzia. Phineas akamgeukia meneja, akasema maneno machache. Meneja akatikisa kichwa, akamwonyesha Kahaso njia ya geti kwa kidole, bila hasira hata kidogo, akapanda zake kurudi veranda.

Hapo ndipo sauti ya Elkana iliporudi. Alisema, "Mwite. Mwambie ni mimi niliyeichagua."

Phineas hakuondoka. Yeye naye alikuwa mtumwa wa mshahara wake kama sisi, lakini siku ile alifanya jambo ambalo mapadri wengi hawalifanyi, alimpa mtu nafasi ya kuchagua mchana kweupe. Alimwambia, "Mzee, nikimwita atakuja. Na akija, kazi ya hawa mama imekwisha leo. Nimwite?"

Wanawake wote walimtazama Elkana. Hakuna aliyemwambia amwite, na hakuna aliyemwambia asimwite. Kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani na kila mmoja alikuwa na macho. Kahaso alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea getini, kwa mwendo wake ule, shati la arusi limelowa jasho.

Elkana alitazama veranda. Akatazama majani. Kisha akavaa pama yake, akaivuta mbele mpaka ikaficha macho, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Phineas akasema, "Haya, chukueni mafyekeo."

Tulikata. Wanawake walikata bila wimbo, na katika mweria hilo sijawahi kuliona tena. Kache alikata safu yake, kisha akaongeza nyingine akisema hiyo ni ya Kahaso, sehemu yake ya ujira itamfikia nyumbani kama ya mgonjwa. Baadaye alipompelekea, Kahaso aliipokea kwa mikono miwili na kumshukuru, na usiku mke wake akanieleza kwamba hakula. Si sehemu ya mgonjwa aliyoitaka. Chama kilirudi kwa Faki, kikaibadilisha ile iliyokufa kwa ile nzito kwa masharti aliyoyataka Faki, na mashine ile ya farasi watatu ilikata yadi ya hoteli kwa miaka. Aliyetembea nyuma yake alikuwa kijana wa Utange. Hilo nalo silisahau.

Lakini siku ile ilibaki mashine pale yadini, nzito kwa ufu wake, na lori la nazi halikuwepo. Lazima irudi Kisauni kwa mkono. Elkana alivua koti. Hakuna aliyemwomba. Alilikunja, akaliweka juu ya injini iliyopoa, akaishika ile mikono miwili na kuanza kuisukuma. Wanawake walikuwa bado wanamaliza kukata. Mimi nilikuwa nimemaliza safu yangu. Nilitembea upande wa pili wa barabara, mikono mfukoni. Sikumsaidia, na hata leo simwombi mtu msamaha kwa hilo.

Barabara ya Mkomani kwenda Kisauni ni pana, Wazungu waliipanua kwa ajili ya malori ya jeshi. Mbele yetu alikuwa Kahaso. Ametangulia, lakini alikuwa amepumzika muda mrefu nje ya geti, na kwa mwendo wake ule tulimfikia upesi. Nilidhani Elkana atampita. Nafasi ilikuwepo, tele, hata gari lingepita. Mashine ilikuwa na magurudumu, nayo barabara hapo inateremka kidogo, na kuizuia isiende mbio ni kazi kubwa kuliko kuisukuma. Elkana akaizuia. Niliona mishipa ya shingo yake, zile shingo ambazo yeye alizoea kuzitazama kwa wengine. Aliirudisha nyuma kwa mikono yake mizee, hatua kwa hatua, ili isimkaribie mtu yule wala isimpite.

Watu walikuwa wanatoka sokoni. Wakamwona mzee wa kanisa, bila koti, anasukuma vyuma. Watoto wakasimama wakamwamkia kama walivyofundishwa, shikamoo Mzee Elkana, shikamoo baba. Hakuitikia marahaba hata kwa mmoja. Wakabaki wameduwaa, wakadhani wamekosea, wakaamkia tena.

Kahaso hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliyasikia magurudumu, hakuna asiyeyasikia. Alitembea vile anavyoweza, akisimama pale mgongo ulipomtaka asimame, na kila aliposimama, nyuma yake magurudumu nayo yalisimama, yakangoja mpaka alipoanza tena.